Boksi la kadi za irabu za Kiingereza: macho yanashiba, masikio bado

Niseme mapema ili mwenye haraka asome aya hii aende zake: boksi hili linafaa kununuliwa, ila karatasi ya maelekezo iliyomo ndani isifuatwe, na memori kadi yake itumike kwa tahadhari. Kwa kumfundisha mtoto kusoma neno la Kiingereza lililo mbele ya macho yake, sijapata kitu kizuri zaidi kwa bei hii. Kwa kumfundisha kulisikia, kazi kubwa inabaki kwako.

Nafundisha tuisheni ya jioni hapa Mutukula, upande wa Uganda. Watoto wangu ni wa aina mbili. Kuna wa hapahapa, nyumbani kwao ni Luganda tu, Kiswahili wamekiokota sokoni na kwa madereva wa malori. Na kuna wanaovuka mpaka asubuhi kutoka upande wa Tanzania, waliosoma madarasa ya kwanza kwa Kiswahili, kisha wazazi wakawahamishia shule ya Kiingereza upande huu. Shule nyingi za vijijini Uganda, tangu mtaala wa mwaka 2007, zinafundisha P.1 hadi P.3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu, kwa lugha ya eneo, lakini za binafsi za mjini zinaanza na Kiingereza tangu nasari. Kwa hiyo mtoto wa Kagera anaingia P.3 akiwakuta wenzake wameshatangulia mbali, na mwalimu hana muda wa kumngoja.

Mtoto huyo si mjinga. Hesabu anapiga. Ila mpe kitabu atakusomea "name" kama na-me na "bite" kama bi-te, kwa sababu alikotoka herufi moja ina sauti moja na hakuna herufi inayokaa bure. Ndiye niliyekuwa namtafutia dawa nilipoingia kwenye duka moja la vifaa vya shule Masaka. Muuzaji alinitazama akasema, "Nnyabo, hii ni ya nasari." Nikamwambia ndiyo hasa ninayoitaka. Shilingi 38,000 za Uganda, na hapunguzi hata mia.

Ndani kuna kadi 120 za ukubwa wa kiganja, bango la ukutani, memori kadi ya sauti na karatasi moja ya maelekezo. Kila kadi ina picha upande mmoja na neno upande mwingine. Irabu fupi imechapwa kwa wino mwekundu, ndefu kwa buluu. Karatasi yenyewe ni manila nene lakini haikupakwa plastiki juu, na kwa vumbi la malori linaloingia kwangu dirishani pembe zimeshaanza kukunjamana. Wino angalau ni imara. Nimezifuta kwa kitambaa chenye maji na haukuchuja. Bango halina maana, limejaa picha za theluji na vitu ambavyo itabidi uvieleze kabla hujafika kwenye irabu, nimelitumia kuziba kioo cha dirisha kilichovunjika.

Sasa uhondo. Kadi arobaini na kitu ni za ile e ya mwisho isiyotamkwa, ambayo mimi na watoto tunaiita e bubu. Mtengenezaji ametumia akili: kadi ya "kit" ina kijikaratasi kilichokunjwa nyuma yake, ukikikunjua e inatokea mbele na neno linakuwa "kite", na irabu iliyokuwa nyekundu inafunikwa na ya buluu. "Cap" inakuwa "cape". "Hop" inakuwa "hope". "Can" inakuwa "cane", na hapo darasa zima linacheka kwa sababu fimbo hawahitaji kuelezwa. Kitendo hiki kidogo cha kukunjua kwa kidole kinafanya kazi ambayo maneno yangu ya ubaoni yalishindwa. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba herufi ya mwisho haisemi kitu yenyewe, lakini inaipa irabu iliyotangulia sauti nyingine. Binti mmoja wa P.3, ambaye baba yake anaziba pancha pale karibu na maegesho ya malori, alikunjua "tub", akaitazama "tube" kwa muda, akasema polepole "tyuub". Kisha akapaza sauti: "Mwalimu, kumbe ni tyubu!" Neno amelisikia tangu azaliwe, ila hajawahi kuliona limeandikwa hivyo. Toka siku hiyo kadi hiyo ni ya kwake, mwenzake akiigusa ni ugomvi.

Kuna na kijimfuko cha maneno makaidi: have, give, love, come, done. Yana e mwishoni na bado irabu yake ni fupi. Karatasi ya maelekezo inasema tu yakaririwe. Mimi nawaambia watoto kitu kimoja kinachowasaidia kwa baadhi yao: Kiingereza kwa desturi yake hakipendi kumaliza neno kwa herufi v, kwa hiyo e ya "have" na "give" kazi yake ni kuilinda v, haimhusu mwenzake wa katikati. Yanayobaki, kweli, yakaririwe.

Mpaka hapo alama zote. Matatizo yanaanzia kwenye sentensi ya pili ya maelekezo, isemayo kwamba irabu ndefu ni ile fupi iliyovutwa. Mtu akiamini hilo atahangaika na boksi hili muhula mzima.

Jaribu mwenyewe. Vuta a ya "cap" utakavyo, capaaa, haitafika kwenye "cape" hata kesho, kwa sababu ile ya "cape" ni ei. I ya "kit" ukiivuta haiwi ai ya "kite". Wanachokiita irabu ndefu kwenye vitabu vya kufundishia kusoma ni jina la herufi tu, yaani ei, ii, ai, ou, yuu. Jina hilo la "ndefu" ni urithi. Zamani kweli zilikuwa ndefu: miaka mia sita na zaidi iliyopita "name" ilikuwa karibu na naa-me, na "bite" ilikuwa karibu na bii-te, na ile e ya mwisho katika maneno mengi ya namna hii ilikuwa inatamkwa. Kisha kati ya takriban mwaka 1400 na 1700 irabu zote ndefu zikahama mahali pake mdomoni. Mdenmaki Otto Jespersen ndiye aliyelipa badiliko hilo jina, Mhamo Mkuu wa Irabu. Na William Caxton alikuwa ameshaweka mtambo wake wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, tahajia ikaanza kukauka wakati matamshi bado yanatembea. Ukitaka kumtia moyo mtoto wako anayesoma na-me, mwambie anasoma kama Mwingereza wa kale. Wangu walifurahi sana kusikia kwamba kosa ni la Waingereza.

Hiyo ni maana moja ya "ndefu". Ndani ya boksi hilohilo kuna kadi nyingine, kama thelathini hivi, za maana tofauti kabisa: ship na sheep, sit na seat, fill na feel, live na leave, full na fool, pull na pool. Hapa e bubu na jina la herufi si hoja, hapa ni sikio. Nazo zimetiwa rangi zilezile, nyekundu na buluu, zikachanganywa na wenzake bila hata alama. Mtoto aliyejifunza juzi kwamba buluu ya i ni ai kama kwenye "kite" anakutana na buluu ya "sheep" na hajui ashike lipi. Suluhisho langu ni la dakika kumi: tenganisha mafungu mawili, funga kila moja kwa mpira wake, na usiyafungue siku moja. Fungu la e bubu ni somo la kusoma na kuandika. Fungu la ship na sheep ni somo la kusikiliza na kutamka.

Hili la pili ndilo penye kazi. Kiswahili chetu kina irabu tano, basi. Tunazo kata na kataa, kufa na kufaa, lakini hizo aa zetu ni silabi mbili na mkazo unahama nazo, si irabu moja iliyorefuka. Ndiyo maana Mswahili asiyefundishwa hutamka "ship" na "sheep" sawasawa, na "full" na "fool" sawasawa. Dereva anayesema "fool tank" pale kituo cha mafuta hajamtukana mtu, na anayejaza anamwelewa, maisha yanaendelea. Watoto wa Kiganda wako tofauti. Luganda inatenga fupi na ndefu waziwazi na kuziandika: okusika ni kuvuta, okusiika ni kukaanga, na mtoto aliyetumwa kwa muuza roleksi, zile chapati za mayai, hawezi kuchanganya. Nilidhani kwa hao kazi itakuwa nyepesi. Ni nyepesi nusu.

Nusu yenyewe inaonekana kwenye mchezo huu. Naandika maneno mawili sakafuni kwa chaki, moja kulia moja kushoto, mtoto ananipa mgongo asione midomo yangu, ana vifuniko vya soda mkononi. Natamka, anaweka kifuniko kwenye neno alilosikia. Kwa bid na bead, watoto wa Kiganda wanapata karibu zote, wa upande wa Tanzania wanabahatisha. Kisha nabadilisha: bit na beat. Wa Kiganda nao wanaanza kupoteza vifuniko, wanageuka kunitazama kama nimewachezea rafu.

Rafu ni ya Kiingereza chenyewe. Irabu ikifuatwa na konsonanti hafifu isiyotetemesha koo, kama t, p au k, inafupishwa. Ikifuatwa na d, b au g inaachwa ndefu. Kwa hiyo ii ya "beat" inakatwa mpaka inakaribiana kwa urefu na i ya "bid". Anayepima urefu peke yake atapotea. Kinachozitenga hasa ni mahali ulimi unapokaa na jinsi midomo inavyokaza. Ya "sheep" midomo inavutwa pembeni, ulimi uko juu. Ya "ship" kila kitu kinalegea, taya linashuka kidogo, na sauti inatua katikati ya i yetu na e yetu. Vilevile "full": katikati ya u na o. Mtoto wa Kiswahili ukimwambia "sema i lakini uelekee e" anaipata upesi kuliko ukimwambia "fupisha". Mtoto wa Kiganda ndiye mgumu, kwa sababu anafupisha vizuri mno i ileile ya kwao, na anajiona ameshamaliza.

Boksi halisemi lolote kuhusu mdomo. Hakuna hata picha moja ya midomo kwenye kadi 120, wakati kuna picha mbili za sungura. Nimenunua kioo kidogo cha mkononi, wanakipokezana, wanajicheka, wanafanya kazi.

Na memori kadi je? Inachezeka kwenye redio ndogo zote za sokoni na kwenye simu, sauti ni safi, msomaji ni mama mwenye Kiingereza cha Uingereza, hana haraka. Ina kasoro mbili, na ya kwanza ni kubwa. Kila jozi inasomwa kwa mpangilio uleule: fupi, kimya, ndefu. Ship, sheep. Sit, seat. Pull, pool. Haijawahi kugeuzwa hata mara moja mwanzo mpaka mwisho. Watoto wana akili kuliko wachapishaji; wameshagundua kwamba la kwanza ni jekundu na la pili ni buluu, wanajibu hata nikiwa nimepunguza sauti mpaka chini. Nilidhani wameiva. Nilipowasomea mwenyewe kwa kuchanganya, wakashangaa kwamba mwalimu "anakosea mpangilio".

Kasoro ya pili ni kwamba mama huyo anaivuta mno ile ndefu, sheeeep, kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto. Hakuna mtu anayezungumza hivyo. Mtoto akizoea hiyo, akija kumsikia mwalimu wake wa shule akisema "take a seat" au "sit down" kwa kasi ya kawaida, hana pa kushika. Na huyo mwalimu wa shule mara nyingi mwenyewe hazitengi, tusidanganyane. Kiingereza cha Uganda kina raha yake na kinaeleweka Kampala mpaka Arua, irabu zake chache. Simfundishi mtoto ili awe Mwingereza. Namfundisha ili akisikia redio ya nje, au akifanya mtihani wa kusikiliza baadaye maishani, asiachwe.

Unaweza kuikwepa kasoro ya kwanza kwa simu: nakili faili kutoka kwenye memori kadi, kata kila neno liwe faili lake, kisha ucheze kwa mchanganyiko. Nilimpa kijana wa kibanda cha kuweka nyimbo akanifanyia kwa elfu tano. Kwa watu waliolipa 38,000 hilo lilitakiwa liwe limeshafanywa.

Kitu kingine ambacho hakimo kabisa, na kwetu ndicho kinachouma zaidi kuliko ship na sheep: hat, hut, heart na hurt. Mswahili wa kawaida anazitamka zote nne kwa a moja. Mbili za mwisho ni ndefu, mbili za mwanzo ni fupi, na kila moja ina mahali pake. Boksi lina "hat" na "hut" pekee, tena mbalimbali kana kwamba haziwezi kugongana. Naelewa, limetengenezwa na mtu ambaye watoto wake walizaliwa wanazitenga. Kadi za hizo nne nimezikata mwenyewe kwenye maboksi ya biskuti.

Kuhusu konsonanti mbili mfululizo, boksi lina kadi nane tu, na ni kadi nane nzuri: hoping na hopping, later na latter, diner na dinner. Ningetaka thelathini. Tembea Mutukula mpaka Masaka uhesabu mabango ya hoteli yaliyoandika "dinning" yenye n mbili katikati. Na daftari za wanafunzi wangu wa P.6 zimejaa "writting". Ukishajua kwamba konsonanti mbili zinaifanya irabu iliyozitangulia iwe fupi, unaona mwenyewe kwamba "writing" yenye ai inataka t moja na "written" yenye i fupi inataka mbili. Watoto hao wa P.6 na P.7 wanajiandaa kwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao ni wa kuandika, na hizo kadi nane ndizo pekee zinazowahusu. Mzazi wa mtoto wa P.7 asinunue boksi lote kwa ajili ya kadi nane. Aje azitazame kwangu.

Anayelihitaji ni mtoto wa miaka mitano mpaka tisa anayeanza kusoma Kiingereza, na hasa huyu wetu anayetoka kwenye shule ya Kiswahili. Mtu mzima anayetaka kurekebisha matamshi ataona picha za kitoto na atakereka, ingawa fungu la ship na sheep na kioo vingemfaa kuliko madarasa mengi ya jioni.

Masaka walikuwa nayo mengine, rafu ya chini kabisa, nyuma ya karatasi za manila. Mwombe muuzaji afungue uhesabu kadi kabla hujalipa. La kwangu lilikuja na "mop" mbili bila "mope", ingawa kusema kweli sijaona mtoto wa Mutukula aliyeihitaji "mope" kwa lolote.